Zamu za Kumpumulia Fundi Sindano

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolalia makopo mawili ya rangi, umebanwa kati ya mlango wa kinyozi na dirisha la fundi cherehani, pale ambapo nywele zilizonyolewa hukutana na vipande vya vitambaa, na takataka zote mbili hufagiliwa na mtu ambaye hadi leo hakuna anayekubali kuwa ndiye. Asubuhi, kabla jua halijaruka paa la duka la mbele, anayekaa hapo hupata vitu viwili vya bure: kivuli na ushauri. Kahawa ni ya Mama Birika, mwenye jiko lake pembeni na ulimi wake karibu. Wakaaji ni walewale. Kuna Wembe, kinyozi, ambaye hutoka nje kuchangia hoja huku mteja amebaki ndani kanyolewa nusu kichwa. Kuna Betri, fundi simu, anayeamini kila ugonjwa duniani ni tatizo la chaji. Kuna Takwimu, mwenye shahada ya takwimu na miaka minne ya kuandika barua za kuomba kazi kwa watu wasiojibu hata kwa tusi. Na dirishani, mguu ukiwa kwenye pedali, kuna Sindano mwenyewe, fundi cherehani, mwenye ini.

Kila mtu ana ini, ndiyo. Ila kijiweni hapo ukisema "mwenye ini" watu hugeuka kumtazama Sindano. Lake lilikuwa na makovu. Virusi viliingia zamani, hajui lini, vikakaa kimya kama mpangaji asiyetoka chumbani, hadi siku daktari alipovikuta miaka saba iliyopita. Kidonge chake alikimeza kila asubuhi bila kukosa. Kilichomsumbua ni vile visivyomezewa kidonge: uchovu wa kuamka nao, ngozi kuwasha bila kuumwa na mdudu, na usingizi uliomkimbia kana kwamba ulikuwa na ugomvi naye. Ndiyo maana sista wa kliniki ya ini akamwandikisha kwenye programu ya simu. Wiki kumi na mbili, siku tano kwa wiki, dakika kumi na tano: kupumua, kujinyoosha taratibu, kutuliza akili, kisha kujibu maswali.

— Hii haitibu ini, fundi, sista alimwambia siku ile. — Ini lina kidonge chake. Hii ni ya mwenye ini, apate kulala.

Sasa ilikuwa Alhamisi ya wiki ya tisa, na simu ya Sindano ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la sukari, watu wameizunguka kama inasoma matokeo ya uchaguzi.

— Mahudhurio tangu wiki ya pili, asilimia mia! Takwimu alisoma kwa sauti ya juu. — Usingizi umetoka tatu, umefika tisa kwa kumi. Msongo wa mawazo umeshuka kama jiwe. Jamani, graph kama hii ningekuwa nayo chuoni, leo mngekuwa mnaniita Dokta.

— Leo tunakuita uhame hapo, alisema Mama Birika. — Umekalia kitambaa changu cha kushikia birika.

— Soma mpaka mwisho, Sindano alisema kutoka dirishani.

Takwimu akakohoa kidogo.

— "Kwa kuwa umeendelea vizuri kuliko wote mlioanza pamoja, muuguzi wako atakupigia kwa video leo saa nne kamili, kuthibitisha kwamba umehitimu mapema. Nafasi yako itapewa mgonjwa mwingine anayesubiri. Hongera, na kwaheri."

Cherehani ikanyamaza. Sindano alibaki na sketi ya shule mkononi, pindo limeshonwa nusu. Lile neno la mwisho lilimwingia kama sindano iliyovunjikia kitambaani: hulioni, lakini ukipitisha kidole unajua lipo. Sista alikuwa mtu pekee duniani anayempigia kumuuliza hali yake na kusubiri jibu. Na sasa anaagwa, kwa sababu amepona sana. Amepona kwa usingizi ambao hakuulala yeye.

Maana mahudhurio yale ya asilimia mia, Sindano hakuwemo hata siku moja.

Ilianza wiki ya kwanza, msimu wa sare za shule, sketi zimejaa hadi kwenye kiti cha wateja. Sindano akakosa siku mbili. Masharti yalisema ukikosa tatu mfululizo, unaondolewa. Betri, ambaye mwaka uliopita aliwahi kumshikia Sindano foleni ya kliniki tangu alfajiri, na jina lilipoitwa akaitika "Nipo!" bila kupepesa jicho, hakuona tatizo.

— Kama mtu anaweza kukushikia foleni, alisema, — atashindwaje kukushikia pumzi?

Takwimu akachora jedwali kwenye kipande cha boksi. Jumatatu, yeye. Jumanne, Wembe. Jumatano, Betri. Alhamisi, Mama Birika. Ijumaa, yeye tena, kwa kuwa, kama alivyosema kwa uchungu, ratiba yake inaruhusu. Kila asubuhi mwenye zamu aliichukua simu, akajifungia nyuma ya pazia la kupimia nguo, akapumua kwa niaba. Akimaliza alijibu maswali: umelalaje, umechokaje, mambo gani matatu yamekufurahisha, nani umemsamehe. Alijibu kwa ukweli wake mwenyewe, maana hakuna aliyemwambia adanganye.

— Sasa tatizo liko wapi? Wembe aliuliza, kitana kikiwa sikioni. — Mtu kahitimu. Ingekuwa watu wangu nyumbani, wangeshapiga vigelegele.

— Tatizo, alisema Sindano, — ni kwamba mimi silali.

— Hilo ni suala la mtazamo, Takwimu alisema. — Listen, fundi. Wastani wa usingizi wa benchi hili ni tisa. Wewe ni sehemu ya benchi hili. Kwa hiyo wewe, kitakwimu, unalala tisa.

— Kitakwimu ninalala. Kitandani je?

— Kitandani ni sampuli ndogo.

Mama Birika alimimina kahawa, akampitishia Sindano yake dirishani, isiyo na sukari.

— Mimi nasema kweli ya Mungu, alisema. — Mgongo wangu hauumi tangu wiki ya nne. Ile sauti ya yule dada kwenye simu, "legeza mabega, legeza taya," mimi sikujua kama taya langu lilikuwa limekazwa. Miaka yote hii! Nilifikiri ndivyo uso wangu ulivyo.

— Sisi pia tulifikiri hivyo, alisema Wembe.

— Wewe nyamaza, uliyeacha kugombana na mama mkwe wako ndio wiki ya sita.

— Nimemsamehe, Wembe alikubali, bila aibu. — Nilibonyeza hapo, "nani umemsamehe leo", nikaandika mama mkwe. Jioni nikamwona amekalia kiti changu. Nikapumua kwa hesabu ya nne. Nikachukua kigoda.

— Na mimi nilikuwa nasaga meno, alisema Takwimu kwa sauti ya chini. — Siku hizi sisagi. Hata barua ya kukataliwa nikiipata, nasema "asante kwa kunijulisha". On a good day.

Wote wakaguna kwa kuridhika. Kisha kila mtu, bila kukubaliana, akamtazama Sindano, ambaye alikuwa anajikuna mkono kwa kipimio cha mbao.

— Mmeona? Betri alisema taratibu, na sauti yake ikawatia watu baridi. — Mmeona kilichotokea? Tumemnyonya.

— Nani kanyonya nani?

— Programu imeandikishwa kwa namba yake. Chaji ilikuwa ya mtu mmoja. Tumechomeka simu nne kwenye soketi moja! Sisi tumejaa, yeye yuko asilimia mbili. Usingizi wa fundi ndio tunaoulala sisi!

— Acha uchawi, alisema Mama Birika, lakini akashika taya lake, kama mtu aliyekutwa na kitu si chake.

— Si uchawi, mama, ni umeme. Ini ni betri. Wewe unadhani kwa nini liko upande wa kulia? Upande wa chanya!

— Ini si betri, Wembe alimkatiza. — Ini ni nywele. Ukikata kipande linaota tena, nimesikia redioni. Kwa hiyo la fundi linahitaji kupunguzwa ncha tu. Kuna mteja wangu ana mzizi fulani, unachemsha—

— Mzizi peleka ukachemshie kichwa chako! Mama Birika alifoka. — Sista alisema nini? Kidonge, na asimeze chochote cha mtu wa barabarani. Nilimsikia kwa masikio yangu, spika ilikuwa wazi.

— Basi mimi nina nadharia, alisema Takwimu, na benchi lote likalalamika kabla hajaanza. — Nyinyi mnafikiri mfumo unamtaka mgonjwa. Wrong. Mfumo unataka data. Mimi nina shahada, hakuna anayenitaka. Nimekaa wiki tisa nikiwa mgonjwa wa ini kwa siku mbili kwa wiki, nimepewa nyota, nimepewa hongera, nimeambiwa "tunajivunia wewe". Mimi! Inawezekana kabisa kazi iliyonifaa ilikuwa ni kuumwa.

— Ya mtu mwingine, alisema Sindano.

— Ya mtu mwingine, Takwimu alikubali, akainamia kikombe.

Saa ya ukutani kwa kinyozi ilikuwa imeshapita tatu na nusu. Hapo mjadala ukaacha falsafa ukawa mkakati. Betri alipendekeza kubandika plasta kwenye kamera na kusema simu imepasuka. Wembe alipendekeza akae yeye mbele ya simu, avae miwani ya Sindano, maana watu wa kliniki huona wagonjwa wengi na nyuso zote huwa moja kwao. Mama Birika alisema Wembe akivaa miwani anafanana na mbuzi aliyepewa cheo. Mwishowe wakaamua Sindano ajibu mwenyewe, ila afundishwe.

— Fundi, tuanze, alisema Takwimu, jedwali la boksi mapajani. — Wiki iliyopita ulifurahishwa na nini?

— Sijui.

— Mkaa mkavu, mtoto wako kupiga simu, na mguu kutovimba.

— Huo mguu wa nani?

— Wangu, alisema Mama Birika.

— Na umemsamehe nani? aliendelea Takwimu.

— Mama mkwe, alinong'oneza Wembe.

— Mama mkwe wangu, alisema Sindano, — alifariki kabla sijaoa.

— Basi umemsamehe kwa moyo mweupe zaidi!

Wakacheka, na Sindano naye akacheka, maana haikuwezekana kuwakasirikia. Watu hawa walipumua kwa ajili yake siku arobaini na kitu. Nani mwingine duniani alifanyiwa hivyo? Lakini chini ya kicheko kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwahi kuwaambia. Sare za shule zilikuwa kisingizio. Siku ya kwanza kabisa alikuwa ameiwasha ile programu peke yake, nyuma ya pazia. Alipumua vizuri. Alilegeza mabega. Kisha sauti ikamwambia: "Sasa weka kiganja chako upande wa kulia, chini ya mbavu. Lisalimie ini lako." Mkono wake ukapanda mpaka kwenye kifungo cha shati, ukasimama, kama mtu aliyefika kwenye geti lenye mbwa. Miaka saba hakuwa amepagusa pale. Akioga alipazunguka. Akilala, alilalia kushoto, mkono wa kulia umetupwa mbali kama si wake. Aliizima simu, akatoka kwenda kukunja mapindo, na kesho yake akawaambia wenzake kazi zimemzidi.

— Hodi hapa. Fundi yupo?

Alikuwa dada mmoja ambaye hawakumjua, aliyehamia mtaani karibuni, ana suruali ya kazi mkononi yenye zipu iliyong'oka meno. Sindano akaipokea, akaipima kwa jicho, akamwomba asubiri. Mama Birika akamsogezea kikombe, Betri akamsogezea nafasi, na kwa desturi ya benchi lile, mgeni aliyepata kikombe hupewa na kesi nzima. Wakamweleza kwa sauti nne kwa mpigo: programu, zamu, mama mkwe, soketi moja simu nne, saa nne kamili. Takwimu akamwonyesha graph.

Dada akasikiliza yote, akanywa funda moja, akamtazama Sindano pale dirishani, kisha akawageukia wengine.

— Samahani, mimi ni mgeni. Kwani yeye mwenyewe huwa analalaje?

Takwimu alifungua mdomo. Akatazama jedwali, akaligeuza nyuma, akaligeuza tena. Wembe alijikuna kidevu. Betri alichukua simu akaipangusa kioo kwa shati. Walijua namba yake ya siri, tarehe yake ya kuzaliwa, namba ya kadi yake ya kliniki. Walijua hata kundi lake la damu. Hili hawakulijua. Wiki tisa, swali la kwanza kabisa kila asubuhi lilikuwa lilelile, umelalaje, na hakuna aliyewahi kuinua kichwa akaliuliza dirishani.

— Fundi, alisema Mama Birika, polepole. — Unalalaje?

Sindano alitaka kujibu. Akatafuta namba. Kichwani mwake zilikuwa zimejaa namba za watu: tisa ya Betri, nane ya Wembe. Yake hakuiona.

Simu ikalia.

Sura ya sista ilijaa kiooni, miwani imepanda kwenye paji, nyuma yake ukuta wenye kalenda.

— Fundi wangu! Nyota ya kundi zima! Nimewaonyesha wenzangu majibu yako mpaka wamenichoka. Hebu niambie, mama mkwe hajambo?

Nyuma ya simu Wembe alikuwa analaza shavu kwenye viganja kuigiza usingizi mnono. Takwimu alinyoosha vidole tisa. Betri alikuwa tayari na plasta. Sindano aliwatazama, mmoja mmoja, kwa upendo.

— Sista, alisema, — huyo mama mkwe si wangu. Ni wa kinyozi.

Akaigeuza simu. Benchi zima likajikuta linatazamwa. Mama Birika alipunga mkono wenye kitambaa. Takwimu alikunja vidole vyake kimoja kimoja.

Sista alishusha miwani machoni, akawahesabu. Kisha akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa, akatoka kwenye kioo kabisa, ikabaki kalenda peke yake. Aliporudi alikuwa anafuta macho.

— Yaani watu wanne mmekalia nafasi ya mtu mmoja?

— Sista, alisema Betri kwa heshima, — benchi letu ndivyo lilivyo.

— Na wewe, fundi? Sauti yake ilibadilika. — Wewe ulikuwa wapi?

— Nilianza. Iliponiambia niweke mkono kwenye ini, nikazima.

— Kwa nini?

Sindano alikata uzi ambao haukuhitaji kukatwa.

— Naogopa, sista.

Benchini hapo yamesemwa mengi, mengine hayaandikiki. Neno hilo lilikuwa geni. Wembe aliondoa kitana sikioni. Ndani, mteja wake wa nusu kichwa alizima feni ili asikie vizuri.

— Sawa, alisema sista. — Afadhali umeniambia. Sasa sikiliza. Hakuna kuhitimu. Nafasi ni yako, sijampa mtu. Zile wiki tisa nazifuta, hizo ni za wenyewe waliolala. Wewe unaanza siku ya kwanza, na siku ya kwanza ni leo, hata sasa hivi. Mkono ukikataa kufika, uache ulipofika. Nakupigia Jumatatu. Nataka jibu lako, hata likiwa baya. Sitaki zuri la mtu mwingine. Na nyinyi hapo!

— Naam, sista, walijibu kama darasa.

— Kila mtu apumue yake.

Simu ikakatika. Takwimu aliligeuza lile boksi upande mweupe. Akaandika kwa herufi kubwa: ALHAMISI — FUNDI. Akafikiri, akaandika IJUMAA — FUNDI, akaendelea hivyo mpaka chini. Ilikuwa ratiba rahisi kuliko zote alizowahi kuandaa, na ajabu ni kwamba haikumuuma.

Sindano alitoka, akakaa mwisho wa benchi, mgongo kwenye ukuta wa duka lake. Hakutaka pazia. Sauti ya dada wa kwenye simu ikaanza, laini. Legeza mabega. Akalegeza. Legeza taya. Mama Birika akalegeza na lake, kwa mazoea, kisha akakumbuka si zamu yake, lakini akaliacha hivyohivyo.

— Sasa weka kiganja chako upande wa kulia, chini ya mbavu.

Mkono ulipanda. Ulifika kwenye kifungo, ukasimama. Hakuna aliyemtazama. Walijifanya wanatazama barabara, wote wanne, na mgeni wa tano, kama watu wanaosubiri gari lisilokuja. Kifungo kimoja. Cha pili. Kisha kiganja, kile chenye sugu ya mkasi kwenye kidole gumba, kikatua.

Hapakuwa na kitu. Palikuwa na joto tu, joto la kawaida, kama pasi iliyokwisha kuzimwa muda mrefu. Pakapanda, pakashuka. Alikuwa amekaa miaka saba anaogopa mahali panapopumua.

— Hujambo, alisema, kwa sauti ambayo ni Betri pekee aliyeisikia, na Betri, kwa mara ya kwanza maishani, hakuwa na nadharia.

Sauti iliendelea. Jua liliruka paa la duka la mbele. Mteja wa Wembe alitoka nje na nusu kichwa chake, akakaa, akapewa kikombe, akaelezwa kwa ishara. Programu ilipofika kwenye maswali, kioo kikauliza: umelalaje? Takwimu alichukua kalamu kwa mazoea, akamgeukia Sindano apate jibu lake, akairudisha kalamu mfukoni.

Yule dada akainama mbele, akauliza kwa upole, kama ulivyo wajibu wa mteja:

— Jamani, na zipu yangu itakuwa tayari saa ngapi?

Fundi, kiganja chake chini ya mbavu, mdomo wazi kidogo, alikuwa amelala.